Spotilaiti za rangi mbili kwenye pikipiki ya cc 150, zilivyofanya kazi barabara ya Mombo–Lushoto usiku

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi mnasoma mistari miwili ya juu afu mnasepa. Hizi taa ndogo za LED za rangi mbili, nyeupe na njano, zinafaa na hela yake inarudi. Ila zinafaa kwa sababu ya ile njano na namna mwanga wake unavyotawanyika, sio kwa sababu ya hizo wati zilizoandikwa kwenye boksi, na ukizifunga ovyo unakuwa umenunua kero kwako na kwa kila mtu unayepishana naye.

Mimi natumia pikipiki ya kihindi ya cc 150, ya kawaida tu hizi zilizojaa kila kijiwe. Naishi Soni, shughuli zangu ziko Mombo, kwahiyo kupanda kurudi nyumbani karibu kila siku ni giza limeshaingia. Kwa asiyeijua hii barabara, Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33, lami nyembamba, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima upande wa pili korongo, na jioni ndo muda Fuso na Kenta zinashuka zimejaa kabichi, karoti na viazi ziwahi soko Dar alfajiri, na dereva wa gari la mboga hana habari na wewe. Hapo bado watu wanaotembea pembeni wamevaa nguo nyeusi, mbuzi, bodaboda wenzetu wasio na taa kabisa, na lori lililoharibika kwenye kona limewekewa matawi mawili ya mti ndo alama. Ikifika Juni mpaka Agosti ongeza ukungu.

Taa ya mbele ya pikipiki nyingi hizi ni balbu ya halojeni ya wati 35. Mjini kwenye taa za barabarani inatosha, kwenye giza kamili ni kama mtu amekushikia kibatari. Piga hesabu kidogo: spidi 60 ni karibu mita 17 kila sekunde. Uone kitu, akili ikubali kwamba ni kitu, mkono uende kwenye breki, sekunde moja na nusu imeondoka na umeshatembea mita 25 hata breki hujagusa. Sasa kama dimu yako inakuonesha mita 30 hivi mbele, lile tawi la mti utalikuta chini ya tairi. Kule kwenye kona za Soni hakuna anayekwenda 60, lakini ukishuka ukaingia barabara kuu ya kwenda Korogwe hiyo ni spidi ya kawaida tu.

Taa nilinunua Kariakoo kwenye duka la spea, pea moja elfu 45, ndani ya boksi kuna taa mbili, vishikio vya aluminiamu, waya fupi na swichi. Muuzaji alianza na 70, kwahiyo mkienda msiogope kushuka. Zile zile huku kwetu wanauza 60 mpaka 65, na haina tofauti yoyote, mzigo unatoka huko huko.

Boksi limeandikwa wati 60 kila taa. Nikazipima na mita, zote mbili zikiwaka rangi zote kwa pamoja zinavuta ampea 1.9, na chaji ya pikipiki ikiwa volti 13 na nusu hivi hiyo ni kama wati 25 na kidogo kwa PEA. Yani taa moja ni wati 13, sio 60. Sasa msikasirike, hii kwa pikipiki ndogo ni habari njema. Zingekuwa kweli ni wati 120 ungezima betri kabla hujafika Soni, maana huo mfumo wa chaji haukutengenezwa kulisha mzigo kama huo, ni stata koili ndogo (ile koili ya ndani ya injini inayozalisha umeme) na betri ndogo na basi. Kwahiyo mkiona mtu anawauzia kwa kutaja wati, mwambieni aiwashe, muangalie mwanga unaangukaje, hiyo namba mwachie mwenyewe.

Na mwanga unavyoanguka ndo kila kitu hapa. Kuna taa zenye lenzi ya duara moja kama jicho, zile zinapiga mshale mrefu mbali mbele. Jamaa yangu anazo, kwenye barabara iliyonyooka ni tamu sana, unaona kibao cha barabarani kikimeremeta mbali huko hata hujui kimeandikwa nini. Lakini mpandishe huku kwetu: mshale unakwenda mbele na kona inakwenda kushoto, taa inamulika hewa ya korongoni na wewe unakata kona gizani. Hizi za kwangu zina lenzi mbili, ya juu nyeupe inakwenda mbele kiasi, ya chini njano inafunguka kwa upana, na ule upana ndo unakuonesha ukingo wa lami, mtaro, na mtu aliyesimama ndani ya kona kabla pikipiki haijageuka kumtazama. Kwa kona hizi naichukua njano pana kuliko nyeupe ndefu, na wala sibishani na mtu.

Kuhusu ukungu kuna maneno mengi mtaani kwamba njano inapenya ukungu. Kitaalamu matone ya ukungu ni makubwa mno kuanza kuchagua rangi, yanarudisha zote. Kinachosaidia ni taa kuwa chini na mwanga wake kulala chini, usipande juu. Ukipiga fulu kwenye ukungu unajitengenezea ukuta mweupe mbele ya uso wako, kila aliyewahi kupanda Lushoto asubuhi ya Julai anaujua huo ukuta. Mimi kwenye ukungu nabaki na dimu na njano tu, nyeupe nazima, naona labda mita kumi na tano za lami na mstari wa pembeni, inatosha kwenda gia ya pili taratibu bila kukodoa macho. Njano pia haichoshi macho kwangu, hiyo ni hisia yangu, mwingine atasema vingine.

Kufunga sasa. Vishikio vya kwenye boksi sahau. Ni aluminiamu nyembamba, pikipiki zetu zinatetemeka, na vipande vya barabara za ndani huku ni mawe matupu, cha kushoto kilikatika pale pale kwenye tundu la bolti, taa ikabaki inaning'inia kwa waya inamulika tairi. Nikaenda kwa mchomeleaji akanikatia vipande viwili vya chuma bapa, akatoboa, akavichomelea kwenye kreshi gadi, elfu 8 vyote viwili, na hapo ndo kelele zikaisha. Nati tumia zile zenye plastiki ndani, hazifunguki kwa mtetemo. Na kreshi gadi ni sehemu nzuri kwa sababu nyingine, taa zinakaa chini na mbali moja kutoka kwa nyingine, ukijumlisha na taa kubwa ya juu unapata pembetatu. Mwenye gari akiona taa moja tu gizani hajui uko mbali au karibu, hajui hata kama ni pikipiki au gari lililoungua taa moja. Akiona pembetatu inapanuka anajua kuna kitu kinakuja na kinakuja na spidi gani. Tangu nizifunge naona wale wanaovuka upande wangu kupita gari lingine wamepungua, wanasubiri nipite kwanza.

Hata mchana nawasha njano. Kule India zinakotoka hizi Boxer na TVS zetu, tangu Aprili 2017 pikipiki mpya lazima taa ya mbele iwake muda wote injini ikiwa inawaka, haina swichi ya kuzima. Hapa kwetu ukiwasha mchana kila unayepishana naye anakuonesha vidole, anafungua anafumba, "taa hiyo braza!" Najua braza, nimeiwasha makusudi.

Fundi. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana pesa nyingi za watu zinapotelea hapa. Nilienda kwa fundi umeme pale stendi, kijana mzuri, mkono mwepesi, ila alishaanza kumenya waya wa hedilaiti kwa meno kabla hata sijashuka vizuri. "Bosi wangu hii nakuungia hapa hapa, dakika kumi unaondoka." Nikamwambia mdogo wangu ngoja, tunatoka kwenye betri, tunaweka fyuzi, tunaweka rilei, yani swichi ya sumaku inayoamshwa na swichi nyingine ndogo. Akaniangalia kama nimemwambia tufunge injini ya lori. "Rilei ya nini bosi, taa mbili hizi?"

Ana hoja, nisimuonee. Ampea mbili swichi nyingi zinabeba bila shida. Tatizo ni kwamba ule waya wa hedilaiti na swichi yake ya kwenye usukani tayari vinabeba balbu ya wati 35, na nyembamba vilivyo, ukiongeza mzigo hapo hapo taa kubwa inafifia, swichi inapata joto, plastiki inalainika taratibu, miezi kadhaa mbele unakuja kulalamika pikipiki za kihindi hazina umeme mzuri. Kwa rilei, taa zinakula moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya wao wenyewe, na swichi inabeba umeme kidogo sana wa kuiamsha rilei tu.

Mpangilio uko hivi, na namba zimeandikwa chini ya rilei yenyewe. Mguu wa 30 unatoka chanya ya betri ukipitia fyuzi, na fyuzi ikae karibu na betri kabisa sio karibu na taa, kwa sababu waya ukichubuka katikati ya njia ukagusa chuma unataka fyuzi ikatike kabla ya waya kuwaka moto chini ya tenki la petroli. Kwa mzigo huu ampea 5 inatosha, mafundi wanapenda kuweka 15 au 20 kwa sababu ndo anayo mfukoni, kataa. 87 unakwenda kwenye taa. 85 unakwenda bodi, yani chuma cha pikipiki, upande wa hasi. 86 unatoka kwenye swichi yako, na swichi ichukue umeme wake kwenye waya unaokufa ukizima ufunguo, mfano ule wa taa ya nyuma. Ukichukua kwenye waya ulio hai muda wote, siku moja utasahau kuzima na asubuhi utakuwa unapiga kiki mbele ya majirani. Pale shingoni waya ziachiwe ulegevu kidogo, geuza usukani mpaka mwisho kushoto na mwisho kulia uone kama kuna waya unavutika. Rilei elfu 5, fyuzi na nyumba yake elfu 2, waya mita nne, tai za plastiki, ufundi elfu 15. Fundi mwenyewe mwishoni akaniomba nimchoree ule mpangilio kwenye karatasi, nikamchorea.

Nyie wenye pikipiki ndogo za zamani kuna kitu cha kuangalia kwanza. Washa taa pikipiki ikiwa imetulia bila resi, afu vuta resi. Kama hedilaiti inafifia na kung'aa kufuata resi, kuna uwezekano mkubwa taa hiyo inakula moja kwa moja kutoka kwenye koili, haipiti kwenye betri, na umeme wake haujanyooshwa, bado ni AC, unakwenda na kurudi. Usiunge LED hapo, zitapepesa na kufa. Unga kwenye betri, na upunguze tamaa, njano peke yake inatosha, maana chaji ya pikipiki kama hiyo ni ndogo zaidi.

Kuzilenga ndo kazi ambayo hakuna fundi anakufanyia, na ndo inayotofautisha mstaarabu na mshamba barabarani. Tafuta ukuta na sehemu tambarare, simama kama mita saba na nusu, wewe mwenyewe ukae juu ya pikipiki maana ukikaa shokapu zinashuka. Pima taa ziko juu kiasi gani kutoka chini, weka alama ya chaki ukutani kwa urefu ule ule, afu inamisha taa mpaka ule mwanga mkali uwe chini ya alama, vidole vinne hivi. Halafu kaza. Ukibeba mishkaki au tenga la nyanya nyuma, mkia unakaa chini na pua inainuka, kwahiyo kama wewe ni wa kubeba mzigo kila siku lenga mzigo ukiwepo. Mimi nimelenga njano chini kabisa kiasi kwamba nikipishana na gari siizimi, na sijapigiwa fulu ya hasira. Nyeupe nazima kila nikiona mwanga unakuja kwenye kona, hata kabla gari lenyewe halijatokea. Dereva wa Fuso ukimpofusha kwenye ile kona nyembamba ni wewe ndo utakwenda korongoni, yeye atakwangua rangi tu.

Hapo hapo niseme kuhusu ile modi ya kumweka. Ukibonyeza swichi mara ya tatu au ya nne taa zinaanza kupepesa kama disko, na swichi haina namna ya kuiruka, ili uzime lazima upitie hapo. Kila nikizima nyeupe kwa ajili ya mtu nampepesea kwanza, ujinga mtupu. Nimeitoa ile swichi ya boksi nikaweka mbili za kawaida, moja ya njano moja ya nyeupe, kitu ambacho kinawezekana kwa sababu taa zina waya tatu, bodi na chanya mbili. Kabla hujalipa hakikisha za kwako zina waya tatu, za waya mbili zinabadili rangi kwa kuzima na kuwasha na hutaweza kutenganisha. Na ukitenganisha hivi unahitaji rilei mbili, moja kila rangi. Wale mnaozunguka mjini na taa za buluu na nyekundu zinapepesa chini ya tenki sina cha kuwaambia, trafiki atawaambia.

Maji. Boksi linasema IP67, maana yake kwa kanuni taa izamishwe mita moja kwa nusu saa bila kuingiza maji. Mvua za vuli zilipoanza, taa ya kulia ikaanza kutoa jasho ndani, kwanza ukungu mwembamba kwenye kioo, baadae tone kabisa limekaa chini ya lenzi ya njano, ukiinamisha pikipiki linatembea. Nikaifungua, skrubu nne, mpira wa kuzibia ulikuwa umekaa kombo kwenye kona moja, umekunjika tangu kiwandani. Nikakausha juani, nikaunyoosha, nikapaka silikoni kuzunguka na kwenye tundu la waya. Haijarudia. Ushauri wangu zifungue zote mbili kabla hata hujazifunga kwenye pikipiki, silikoni ni elfu 4, na kijana wa kuosha mwambie asiielekeze ile mashine ya presha kwenye taa.

Joto nalo liangalie. Mgongo wa taa una mapezi ya aluminiamu, yanategemea upepo. Ukisimama kijiweni nusu saa unapiga stori taa zinawaka, gusa mgongo wake utatoa mkono haraka. LED inauawa na joto kuliko kitu kingine, kwahiyo ukisimama zima.

Ambacho hazifanyi: hazikusaidii kitu nyuma. Watu wanatumia laki kwa taa za mbele afu taa ya nyuma imejaa vumbi na breki laiti haiwaki. Stika za kuakisi za elfu 3 nyuma ya mzigo na kwenye matope gadi, hizo ndo zinaonekana na gari linalokuja kasi nyuma yako. Na taa kali zinakupa kiburi, unajikuta unaongeza spidi kwa sababu unaona, lakini breki na tairi ni zile zile.

Jumla yangu yote, taa, vyuma, rilei, fyuzi, waya, swichi, silikoni na ufundi, imekuja elfu 97. Nazipa saba kwa kumi. Moja nimeikata kwenye vishikio, moja kwenye swichi, moja kwenye ule mpira uliokunjika. Wati za uongo sikatii maksi, kila boksi pale Kariakoo linasema uongo ule ule. Nikitakiwa kununua tena nachukua hizi hizi, ila vishikio na swichi namwachia muuzaji pale pale dukani anipunguzie elfu 5.